Picha ya Desemba iliyopigwa Novemba

Ukutani mwa darasa la sita, kwenye shule moja ya msingi hapa Dodoma mjini, kulikuwa na picha kumi na mbili za bustani ileile, moja kwa kila mwezi. Ni bustani ndogo ya mtaa. Ina mbuyu mmoja mkubwa, miarobaini mitano kando ya uzio, nguzo ya taa katikati na njia ya saruji inayopita mguuni pa nguzo hiyo. Nyuma yake anga liko wazi hadi kwenye vilima vya majabali. Watoto wa klabu ya mazingira na mwalimu wao walizipiga mwaka mzima, kisha wakaandika chini yake, kwenye karatasi ya manila, mambo matatu waliyoyagundua. La kwanza: mbuyu hutoa majani baada ya mvua kunyesha. La pili: mbuyu hukonda kuanzia Agosti. La tatu: anga la Septemba ni la buluu kuliko la Machi.

Mwalimu aliniita nizikuze picha hizo kwa ajili ya siku ya wazazi. Nina studio ndogo, kazi yangu ni paspoti, harusi na mahafali. Siku niliyokwenda kuchukua vipimo, mlinzi wa bustani alikuwa amekuja kuchota maji shuleni, akaingia naye kutazama. Ni mzee wa Kigogo, watoto wote wanamwita Babu. Alisoma bango polepole, kidole kikifuata herufi, akakomea kwenye lile la kwanza.

"Mwalimu, hili siyo. Mbuyu haungoji mvua."

"Ndivyo picha zinavyosema, Babu. Tazama, Novemba mtupu, Desemba una majani. Na mvua ilinyesha mwanzoni mwa Desemba."

"Basi picha zimekosea mwezi," akasema. "Mimi nashinda chini yake."

Nilizichukua picha zile nikakaa nazo wiki mbili badala ya siku mbili nilizoahidi. Naeleza hapa tulichokagua na tulichokikuta, kwa sababu siku hizi watu wengi wana simu yenye kamera nzuri mfukoni, na wengi wameanza kupiga sehemu moja kila mwezi waone mwaka unavyogeuka. Makosa tuliyoyakuta yanaweza kuingia kwenye mkusanyo wa mtu yeyote, awe mtoto wa darasa la sita au mpigapicha wa miaka ishirini.

Swali la Babu lilikuwa zito pia. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua. Kwa mwaka wa kawaida tunapata kati ya milimita 500 na 600 hivi, na karibu zote huanguka kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni ukavu, upepo na vumbi. Mkulima wa uwele au mtama hupanda kwa kukadiria siku, na katika kukadiria huko huangalia vitu vingi: upepo, joto la usiku, mawingu ya jioni, miti. Ukimfundisha mtoto kwamba mbuyu huja nyuma ya mvua wakati kweli unatangulia, umemnyang'anya alama moja ambayo wazee wake waliisoma.

Jina la faili

Nilianza kwa kufungua faili zenyewe. Picha ya simu hubeba ndani yake taarifa zake: siku na saa ilipopigwa, simu iliyoipiga, lenzi iliyotumika, mwanga ulioingia na kwa muda gani. Kwenye faili zote kumi na mbili sikukuta kitu. Mwalimu alikuwa akipiga, anatuma kwenye grupu la klabu kwa WhatsApp, kisha anafuta kwenye simu yake ili apate nafasi. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa ipungue uzito, na taarifa zile zote huondolewa. Kilichobaki ni jina la faili: IMG, halafu mwaka, mwezi na siku, halafu WA na namba. Watoto walisoma tarehe hiyo wakaiandika chini ya kila picha. Ni jambo la busara kabisa kufanya, ila tarehe ile ni ya siku picha ilipopita WhatsApp. Siku iliyopigwa haimo.

Nikampigia mwalimu.

"Hiyo ya Desemba, kaka, niliituma tarehe 9, nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa natuma ripoti ya klabu. Kuipiga sasa… Novemba yote tulikuwa na mitihani ya kufunga mwaka. Sikumbuki."

Simu iliyoipiga ilikuwa imeshakufa, na nakala nyingine haikuwepo. Kwa hiyo tarehe ilibidi tuitafute ndani ya picha.

Ufa kwenye saruji

Kwenye picha iliyoitwa Desemba, kivuli cha nguzo ya taa kimelala juu ya njia ya saruji. Ncha yake inagusa ufa unaoanzia ukingo wa kushoto wa njia, unapinda mara mbili kama herufi ya S, kisha unapotea chini ya majani makavu. Ufa huo bado upo. Nilipouona nilipata usingizi kwa shida usiku ule, kwa sababu nilijua tuna rula.

Jua halipiti njia moja mwaka mzima. Dodoma iko nyuzi 6 na kidogo kusini ya Ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka jua la adhuhuri hukaa utosini kabisa: mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 8 Oktoba. Siku hizo nguzo iliyonyooka haina kivuli cha kuonekana. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la adhuhuri liko upande wa kusini, na kivuli huanguka kaskazini. Miezi iliyobaki ni kinyume chake. Nguzo ya mita 5 hutoa kivuli cha karibu mita 2.8 kuelekea kusini mwishoni mwa Juni, na cha karibu mita 1.5 kuelekea kaskazini mwishoni mwa Desemba. Katikati ya vilele hivyo viwili kivuli kinatembea polepole kila siku, na anayejua urefu wake wa adhuhuri anaweza kukisoma kama kalenda.

Sharti ni kwamba iwe adhuhuri kweli, na saa ya ukutani haikwambii hilo. Saa yetu ya Tanzania imefungwa kwenye mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao uko baharini mbali na pwani yetu. Dodoma iko karibu nyuzi 35.75. Kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo jua letu hufika kileleni kwa wastani saa 6:37 mchana, na huyumba kidogo kufuatana na mwezi: katikati ya Novemba ni kama saa 6:22, katikati ya Februari ni kama saa 6:51. Bahati yetu ni kwamba njia ile ya saruji imeelekea kaskazini na kusini karibu sawasawa, tulihakikisha kwa dira. Na kwenye picha kivuli kimelala sambamba na ukingo wa njia, hakikuegemea kushoto wala kulia. Jua likiwa karibu na utosi kivuli hugeuka haraka sana. Dakika kumi tu kabla au baada ya adhuhuri kingekuwa kimepinda waziwazi. Kengele ya chakula cha mchana shuleni hugongwa saa 6:20. Mambo yakakubaliana.

Jumamosi moja tulikwenda bustanini: mwalimu, mimi, watoto tisa, na Babu aliyetuletea kiti. Kwanza tuliikagua nguzo kwa timazi kama imesimama wima. Imesimama. Kisha watoto walisimamisha fimbo ya mita 1 kando yake, wakapima vivuli viwili kwa wakati mmoja na kupata urefu wa nguzo kwa uwiano, hesabu ambayo walikuwa wameisoma muhula uleule na kuilalamikia. Mita 5. Kisha mtoto mmoja akashika mwanzo wa futikamba kwenye mguu wa nguzo, mwingine akaivuta hadi kwenye ufa.

Mita 1 na sentimita 10.

Desemba 9 kivuli cha nguzo hiyo kingefika karibu mita 1.5, yaani sentimita 40 kupita ufa. Picha haikuwa ya Desemba. Kivuli cha mita 1.1 kwenye nguzo ya mita 5 kina maana jua liko nyuzi 12.4 kusini ya utosi. Ukijumlisha na nyuzi 6.2 za Dodoma unapata 18.6 kusini ya Ikweta. Jua hufika hapo mara mbili, likienda na likirudi: karibu Novemba 16 na karibu Januari 26. Januari tuliitoa mara moja, kwa sababu kwenye picha ardhi ni vumbi tupu, na Januari bustani ile huwa na majani hadi magotini. Ncha ya kivuli cha nguzo ndefu haina makali, ina ukungu wa sentimita kama tano, na sentimita tano husogeza jibu kwa siku mbili au tatu. Tukaandika: katikati ya Novemba.

Daftari la mwalimu wa zamu lilimaliza ubishi. Linaandikwa kila siku, waliofika, wasiofika, hali ya hewa. Mvua ya kwanza iliyolowesha uwanja mwaka ule iliandikwa tarehe 4 Desemba. Mbuyu kwenye picha ya katikati ya Novemba tayari una majani madogo yenye vidole, yamekunjuka nusu. Uliitangulia mvua kwa wiki mbili na zaidi.

Babu hakusema "niliwaambia". Alisema tu, "Sasa hapo." Akarudi kwenye kiti chake.

Mbuyu unaweza kufanya hivyo kwa kuwa shina lake ni ghala. Mti wake ni laini, umejaa maji, na joto la Oktoba na Novemba likizidi, huyatumia maji hayo kuchipua kabla ya tone la kwanza. Majani yanakuwa yameshafunguka mvua ikifika, na mti haupotezi hata siku moja ya msimu mfupi kama wa kwetu. Nyasi hazina ghala, zinangoja. Kwa hiyo mbuyu na nyasi za bustani moja huanza mwaka kwa siku tofauti, na picha moja iliyopigwa kwa tarehe sahihi inaonyesha pengo lile vizuri kuliko maelezo: juu kijani, chini vumbi.

Lakini kulikuwa na deni. Kama picha ya Desemba ni ya Novemba, ile ya Novemba ni ya lini? Tuliiweka kando ya ile ya Oktoba. Kivuli kifupi kwenye zote mbili, hakifiki hata nusu mita. Na juu ya kilima, kwenye zote mbili, kuna wingu moja dogo lenye umbo la jembe. Mawingu hayajirudii hivyo. Zilipigwa siku moja. Moja ilitumwa siku hiyohiyo, nyingine kiongozi wa klabu aliikuta kwenye simu ya mama yake akaituma Novemba 3. Na Desemba? Shule ilikuwa imefungwa. Hakuna aliyekwenda.

Kukonda kwa mbuyu

Jambo la pili halikutuchukua muda. Simu ya mwalimu iliharibika Julai, na kuanzia Agosti alitumia ya mdogo wake, ambayo lenzi yake inachukua eneo pana zaidi. Kwenye picha ya lenzi pana kila kitu hupungua, shina likiwemo. Nilipima upana wa nguzo ya taa kwenye picha ya Julai na ya Agosti: nguzo nayo "imekonda", kwa kiwango kilekile. Chuma hakikondi kwa ukame.

Hata hivyo watoto walikuwa wamegusa jambo la kweli bila ushahidi. Shina la mbuyu hunywea kiangazi na kujaa tena masika, kwa sababu ileile ya maji. Kiasi chake ni kidogo mno kuonekana kwenye picha iliyopigwa kwa mbali. Niliwaambia wasilifute sentensi hiyo, waiwekee alama ya kuuliza na watafute futikamba.

Rangi ya Septemba

Hili la tatu liliniuma zaidi kama mpigapicha, kwa sababu ndilo watu wote huliamini. Mtu akiona anga la buluu kwenye picha anasema siku ile anga lilikuwa la buluu.

Septemba ya Dodoma naijua. Hakuna mvua tangu Aprili au Mei, mashamba yametifuliwa, moto umepita porini, chamchela zinanyanyua vumbi jekundu barabarani mchana kutwa. Anga huwa jeupe-jeupe, hasa karibu na vilima, na jua la jioni huzama likiwa jekundu kama kaa kabla hata halijagusa ardhi. Machi, baada ya mvua kuosha hewa, buluu huwa nzito hadi kwenye ukingo wa kilima na majabali yanahesabika moja moja. Ushahidi huo ulikuwemo kwenye picha zao: Machi kilima cha mbali kina mawe, Septemba kina umbo tu. Watoto waliangalia rangi, hawakuangalia kilima.

Rangi ilitoka kwenye simu. Simu hukisia weupe wa mwanga yenyewe. Ikikuta picha imejaa vumbi la hudhurungi na nyasi za njano, hudhani mwanga ndio wa njano, ikasukuma picha nzima kuelekea buluu ili kusawazisha. Ikikuta kijani kingi cha Machi, husukuma upande mwingine. Kwa hiyo misimu inapobadilika na simu nayo inabadilisha hukumu yake, mara nyingi kwa kuficha kilekile unachotaka kukionyesha. Pia simu ya pili ilikuwa ya aina inayokoleza anga kwa makusudi ili picha ipendeze. Kwa harusi, sawa. Kwa kazi hii ni hasara.

Dawa yake ni nyepesi. Kwenye simu nyingi, ukiingia sehemu ya kupiga kwa mkono unaweza kuifunga rangi kwenye alama ya jua na isikisie tena. Na kwa usalama zaidi weka kitu cheupe kilekile ndani ya picha kila mara. Sisi tulipaka ubao mweupe wa ukubwa wa daftari, tukaupigilia kwenye mwarobaini wa kwanza. Ubao ukitoka na buluu kwenye picha, tunajua simu imedanganya na kwa kiasi gani.

Mwaka wa pili

Tulianza upya Januari. Nondo fupi ilizikwa kwenye saruji mahali pa kusimama, ikabaki juu sentimita mbili, na kando yake nguzo ya mti yenye kibao cha kulazia simu, urefu wa mita 1.4, ili mtoto mfupi na mwalimu wapige kwa kimo kimoja. Ndani ya daftari la klabu tuligundisha picha moja iliyochapwa, na juu yake tumechora mistari: ukingo wa kilima upite hapa, mguu wa nguzo uwe hapa. Anayepiga analinganisha kabla ya kubonyeza. Tarehe 16 ya kila mwezi, kengele ya chakula ikigongwa. Simu moja, lenzi moja, bila kuvuta karibu. Picha inahamishwa kwenye kompyuta ya shule kwa waya siku hiyohiyo, na ikilazimu kupita WhatsApp hutumwa kama dokumenti, ambapo haibanwi wala haipotezi taarifa zake. Jina la faili huandikwa kwa mkono.

Mchana wa adhuhuri hautoi picha nzuri, niseme wazi. Mwanga unaanguka wima, miti inakuwa na vivuli vizito chini na hakuna kina. Nilitaka saa 3 asubuhi. Mwalimu alikataa, saa 3 watoto wako darasani. Alikuwa sahihi, maana saa nzuri ambayo hakuna mtu wa kuishika haina faida.

Kwa anga la alfajiri hatukuwa na mtu kabisa, ila Babu yuko pale kila siku. Tulimpa simu ya zamani, tukamwekea alama yake ukutani upande wa mashariki. Jua la Dodoma huchomoza kati ya saa 12:10 na saa 12:50 hivi asubuhi, na mabadiliko ya urefu wa mchana hapa ni madogo, siku ndefu na fupi hazipishani hata saa moja, kwa hiyo nilidhani picha zake zingefanana. Kumbe kinachobadilika ni mahali. Juni jua lilitokea kushoto, juu ya paa la mashine ya kusaga. Desemba lilitokea kulia kabisa, nyuma ya tangi la maji. Kwa nyuzi ni kama 47 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, zaidi ya nusu ya pembe mraba. Picha zake kumi na mbili zikipangwa kwa mstari, jua linatembea juu ya paa za mtaa kama mtu anayekwenda dukani na kurudi. Ni kazi bora kuliko zangu zote za mwaka ule.

Babu pia ndiye aliyewafundisha watoto kuangalia jioni. Katikati ya Novemba, jua linapozama, Kilimia huchomoza mashariki, nyota zile zilizosongamana ambazo jina lake limetokana na kulima. Pwani wana methali yake: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Simu ikiegemezwa kwenye jiwe kwa hali ya usiku inakitoa kama kidoa cha ukungu chenye chembe sita. Kidoa hicho kimo kwenye daftari, Novemba 16, kwenye ukurasa mmoja na mbuyu.

Na mchana wa siku hiyohiyo, Novemba 16, kengele ilipogongwa watoto hawakukimbilia chakula. Walikwenda kusimama kwenye ufa. Kivuli kilikuja kikafika kwenye mpindo wa pili wa S, kikakaa. Mmoja alichuchumaa akaweka kidole pale. Mwalimu aligeuka kando akajifuta macho, akasema ni vumbi.

Mbuyu siku ile ulikuwa na vichipukizi tu. Majani yalikunjuka siku nane baadaye. Mvua ilikuja baada ya majani, kama mwaka uliopita, japo pengo lilikuwa fupi zaidi. Futikamba ilionyesha shina limepungua mzingo kwa sentimita mbili na kitu kati ya Aprili na Oktoba, na ile alama ya kuuliza ikafutwa. Miarobaini ilibaki kijani mwaka mzima. Ng'ambo ya barabara kuna shamba la zabibu linalomwagiliwa, na Agosti ya mwaka wa kwanza, kila kitu kikiwa cha rangi ya mkate, lenyewe lilikuwa kijani kibichi kwenye kona ya picha. Tulisogeza mahali pa kusimama hatua moja kabla ya kuzika nondo ili lisionekane tena, kwa sababu mtu wa mbali angeliona akadhani kuna mvua.

Jambo moja bado tunabishana nalo kwa heshima. Babu anaamini mbuyu ukiwahi kutoa majani, mvua ya mwaka huo ni nzuri. Watoto walitaka kuliandika kwenye bango. Mwalimu na mimi tuliomba lisiandikwe bado, kwa kuwa tuna miaka miwili tu. Niliwaeleza habari za Makutupora, kaskazini mwa mji, bonde la visima ambalo limekuwa likitunywesha kwa miongo mingi. Kina cha maji ya chini ya ardhi pale kimepimwa kwa zaidi ya nusu karne. Kumbukumbu ya miaka 55 ilipochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2013 ilionyesha kwamba maji hayajazwi sawasawa kila mwaka. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, mingi ikienda pamoja na El Niño, na kati yake kina hushuka mwaka baada ya mwaka. Aliyepima miaka miwili tu angeona kina kikishuka na kukata tamaa, au kikipanda na kujidanganya. Babu alisikiliza, akauliza kama waliopima walikuwa na mbuyu karibu. Nikasema sijui, lakini swali limeandikwa kwenye daftari kwa jina lake.

Picha sasa ziko mistari miwili ukutani. Mstari wa chini umetimia, na ya Desemba ameipiga Babu, maana shule ilikuwa imefungwa tena. Mstari wa juu, wa mwaka wa kwanza, tulitoa ile ya Novemba iliyokuwa Oktoba, tukahamisha ile ya Desemba nafasi moja kushoto na kuandika chini yake kwa penseli "katikati ya Novemba, kwa kivuli". Mwisho wa mstari ule kuna mraba mtupu. Siku ya wazazi baba mmoja aliuliza kwa nini wasichukue tu picha ya Desemba ya mwaka huu wakaibandika pale, bustani si ni ileile. Mtoto wa darasa la sita alimwonyesha maneno yaliyoandikwa ndani ya mraba, kwa kalamu ya rangi, kwa mwandiko wake: Desemba. Haikupigwa.